Sumaku inavyofichua uchafu kwenye almasi ndogo mno

ALMASI ijulikanayo na wengi ni ile ya pete. Lakini ipo nyingine yenye upana wa nanomita 4 au 5 pekee; chembe zake zaidi ya 10,000 zikipangwa safu moja ndipo hufikia upana wa unywele.

Almasi hizi huzaliwa na mlipuko. Mwaka wa 1963, wanasayansi wa Muungano wa Kisovieti waligundua kwamba vilipuzi vinapolipuliwa ndani ya chumba cha chuma kilichofungwa, joto na shinikizo hugeuza sehemu ya kaboni iliyomo kuwa almasi. Masizi yanayobaki huoshwa kwa asidi.

Taabu ni kwamba mlipuko hubandua pia chuma kutoka kwenye kuta za chumba. Chembe ikiwa ndogo hivyo, sehemu kubwa ya atomu zake huwa juu au karibu na juu, na uchafu kidogo tu hubadilisha tabia yake. Hilo si jambo la kupuuzwa, kwani watafiti wamekuwa wakizijaribu almasi hizi katika kubeba dawa za saratani mwilini.

Hapo ndipo sumaku huingia. Elektroni isiyo na mwenzake hufanya kazi kama sumaku ndogo. Ikiwekwa katika uga wa sumaku kubwa, hufyonza mawimbi ya kiwango maalumu, jambo lililogunduliwa na Yevgeny Zavoisky mjini Kazan mwaka wa 1944. Chuma, shaba na kasoro za almasi yenyewe, kila kimoja kina alama yake. Alama ya chuma ikififia baada ya kuosha, watafiti hujua asidi imefanya kazi.

Lakini uchafu uko juu au ndani? Swali hili ni gumu zaidi, na hujibiwa na viini vya atomu, kwa kanuni ile ile ya mitambo ya MRI hospitalini. Ni takriban asilimia 1.1 tu ya kaboni inayoitikia sumaku. Ioni za shaba zikishikamana na uso wa almasi, viini vya kaboni vilivyo karibu nazo hutulia haraka kuliko vile vya katikati.

Wakati mwingine metali hubandikwa makusudi. Mwaka wa 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walipachika gadolini juu ya almasi hizi, na uwezo wa kila ioni wa kung'arisha picha za MRI ukaongezeka mara 10 hivi.