Muuguzi Anapomsimamisha Daktari

Mgonjwa yuko mezani na kisu kiko tayari. Kabla hakijagusa ngozi, mtu mmoja, mara nyingi muuguzi, anauliza kwa sauti: huyu ni nani, anapasuliwa nini, upande upi? Dawa ya kuzuia maambukizi ameipata ndani ya dakika 60 zilizopita? Kila aliyemo chumbani, hata aliyeingia zamu leo, awe ameshajitambulisha kwa jina na kazi yake. Na kabla mgonjwa hajatolewa, sindano, vyombo na vitambaa vya kufyonzea damu vihesabiwe vitimie.

Hiyo ni orodha ya upasuaji salama ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19. Ilijaribiwa kuanzia Oktoba 2007 hadi Septemba 2008 katika hospitali nane za miji minane, ikiwemo Seattle, London, New Delhi na Manila, na Ifakara mkoani Morogoro nayo ikiwamo. Matokeo yalitoka Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na wagonjwa waliopata madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Angalia ile dawa ya kuzuia maambukizi. Hakuna mpasuaji asiyejua umuhimu wake, lakini kabla ya orodha ni asilimia 56 tu ya wagonjwa walioipata kwa wakati. Baadaye wakafika 83. Hali yenyewe ni ya kila siku: sindano inachomwa wodini, upasuaji unaahirishwa saa mbili, nguvu ya dawa inapungua. Au kila mmoja anadhani mwenzake ameshaichoma. Elimu haikupungua, kilichokosekana ni mtu mwenye jukumu la kuuliza.

Na kuuliza si jambo jepesi pale ambapo mkubwa ndiye mwenye kauli. Ndiyo maana kazi ya Peter Pronovost huko Michigan, Marekani, inanivutia kuliko orodha zote. Katika vyumba vya wagonjwa mahututi alisisitiza mambo matano kila daktari anapoingiza mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu: kunawa mikono, kusafisha ngozi kwa dawa, kuvaa mavazi ya kinga na kumfunika mgonjwa kikamilifu, kuepuka kinena inapowezekana, na kuutoa mpira mara usipohitajika. Hakuna jipya hapo. Jipya ni kwamba muuguzi alipewa idhini ya kumsimamisha daktari anayeruka hatua. Mwaka 2006 ilitangazwa kuwa kiwango cha maambukizi katika chumba cha wastani kilishuka kutoka 2.7 kwa kila siku 1,000 za mpira hadi sifuri ndani ya miezi mitatu.

Kisha ikaja Ontario, Kanada. Serikali ya jimbo iliagiza hospitali kutangaza kama zinafuata orodha ya upasuaji, zikaripoti kuwa zinaitumia, na mwaka 2014 watafiti walipopitia upasuaji zaidi ya 200,000 katika hospitali 101 hawakuona nafuu ya maana: vifo vilikuwa asilimia 0.71 kabla, 0.65 baadaye. Karatasi ilikuwepo. Lakini kuweka alama ya vema kwenye kisanduku kunaweza kufanywa na mtu mmoja, kimyakimya, huku wengine wakiendelea na yao.

South Carolina, Marekani, ilikwenda kinyume. Huko hospitali zilijiunga kwa hiari, zikairekebisha orodha iendane na kazi yao na kufundisha timu nzima kuitumia. Katika 14 zilizomaliza mpango, vifo ndani ya siku 30 vilishuka kutoka asilimia 3.38 mwaka 2010 hadi 2.84 mwaka 2013. Kwingineko jimboni vilipanda kidogo, kutoka 3.50 hadi 3.71. Mwenye kushuku atasema waliojitolea walikuwa na ari tangu mwanzo, na ana haki, kwa sababu hospitali hazikupangwa kwa kura. Ila hata ari hiyo nayo ilikuwa ya timu, wala haikuletwa na waraka.