Umenyonywa mafuta? Usikimbilie mizani

Umefanyiwa upasuaji wa kunyonya mafuta tumboni. Wiki imepita, unapanda kwenye mizani na uzito haujashuka, pengine umeongezeka. Usidhani umetapeliwa. Baada ya upasuaji mwili huvimba, na uvimbe huo huchukua wiki kadhaa hadi miezi kuisha.

Tumia futi ya fundi cherehani. Pima kiuno kabla ya upasuaji, kisha mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita, usawa uleule, asubuhi kabla ya kula.

Hata hivyo, futi haioni ndani. Kinachonyonywa ni mafuta ya chini ya ngozi. Yanayozunguka ini na utumbo hubaki. Mwaka 2004, watafiti wa Marekani waliwapima wanawake 15 wanene walioondolewa takriban kilo 10 za mafuta. Wiki 10 hadi 12 baadaye, shinikizo la damu na sukari yao havikuwa vimebadilika kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo, usiache dawa zako za presha au kisukari kwa sababu gauni limelegea.

Ukibanwa pumzi, ukipata homa, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, wahi hospitali siku hiyohiyo.