Tarime na Serengeti: Kwa nini watoto wanaacha daftari na kuingia kwenye uhalifu

Nyamongo, wilayani Tarime, kishawishi kipo mlangoni. Mgodi wa dhahabu wa North Mara umezungukwa na vijiji kama Kewanja, Matongo na Nyangoto, na wanaouvamia kuokota mawe huitwa "intruda". Wamo wenye umri wa kuwa darasani. Dogo mmoja akibahatika, akarudi na simu mpya, wenzake wanamfuata. Wengine hurudi na majeraha, wengine hawarudi kabisa.

Upande wa Serengeti kishawishi ni hifadhi. Nyumbu wakipita, kuna watoto wanaotumwa kutega nyaya au kubeba nyama pori.

Neno la kuangalia hapo ni "wanaotumwa". Mawe yana mnunuzi, nyama ina mteja, bangi ina mwenye shamba, ng'ombe wa wizi wana anayewapokea. Wote hao ni watu wazima, lakini anayekamatwa mara nyingi ni mtoto.

Halafu kuna suala la jando, ambalo wengi wanalikwepa. Kijana wa Kikurya akishatahiriwa ni "mura", mwanaume kamili. Tohara hufanyika Desemba. Januari huyo mwanaume anatakiwa avae kaptula, akae dawati moja na wasiotahiriwa, achapwe viboko. Baadhi wanaona bora waache shule. Na mwanaume anatarajiwa kuoa, mahari ni ng'ombe. Hao ng'ombe atawatoa wapi?

Kumfunga hakusaidii, na Sheria ya Mtoto ya 2009 yenyewe inakataza mtoto chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo. Anaweza kupelekwa shule ya maadilisho, lakini ile ya Irambo iko Mbeya, mbali na mzazi na mwalimu wake.

Wenye nguvu zaidi wako karibu: wazee wa mila. Ndio wanaopanga msimu wa jando na neno lao kijijini ni zito. Wakitamka kwamba mura anarudi shule, na kwamba anayenunua mawe au ng'ombe kwa mtoto atatengwa, wengi watasikia. Mzazi naye ana swali lake, tena la bure: simu hii umeipata wapi? Kuna nyumba halijaulizwa, kwa sababu hela ya unga jana ilitoka kwa huyo huyo mtoto.