Lodi Mpelelezi na Kicheko cha Msomaji: Mvuto wa Riwaya Nyepesi za Upelelezi wa Kihistoria

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna mazoea ya kuzificha baadhi ya riwaya tunazozisoma. Riwaya ya Kezilahabi huwekwa mezani, jalada likitazama juu. Ya upelelezi hutiwa mkobani. Katika mwaka wangu wa kwanza wa uzamili, mhadhiri mmoja alikiona kitabu nilichokuwa nimekinunua kwa muuzaji wa vitabu vikuukuu kando ya barabara jijini Nairobi, akaniuliza kwa nini ninaupoteza muda wangu na vitabu vya kusomea ndani ya matatu. Kitabu chenyewe kilikuwa Her Royal Spyness cha Rhys Bowen, kilichotoka mwaka wa 2007. Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kulitoa jibu hilo, ingawa limechelewa.

Aina ya riwaya ninayoizungumzia hutambulika upesi. Mauaji hutokea, lakini damu haielezwi kwa kirefu. Mandhari ni ya zamani, aghalabu Uingereza ya kati ya vita viwili vikuu vya dunia. Anayeupeleleza uhalifu si askari wala si mpelelezi wa kulipwa. Ni mtu wa ukoo wa kikabaila anayeifanya kazi hiyo kwa ridhaa, na hali akiifanya hutufanya tucheke. Hapa inafaa tutenganishe mambo mawili ambayo wasomaji huyachanganya. Dorothy L. Sayers, aliyemleta Lodi Peter Wimsey katika Whose Body? mwaka wa 1923, alikuwa akiandika kuhusu zama zake mwenyewe; riwaya zake zimekuwa za kihistoria kwa kuwa sisi tumezaliwa nyuma yake. Bowen, na Kerry Greenwood wa Australia kabla yake, wanarudi nyuma kwa makusudi. Wao wanajua historia iliishia wapi, na wanajua kwamba msomaji wao anajua. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa, nami nitairudia.

Tuanze na cheo. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi ana tatizo la kiufundi ambalo wahakiki hulipuuza: atamwingizaje mpelelezi wake ndani ya nyumba? Inspekta wa polisi hupokewa sebuleni akiwa amesimama, akajibiwa kwa ufupi, akaondoka. Lodi hualikwa chakula cha jioni, akalala hapo, akawasikia wenyeji wakigombana wakati wa kifungua kinywa. Cheo chake ni ufunguo, na msomaji huingia pamoja naye. Katika Clouds of Witness (1926) Sayers anaufikisha ufunguo huu mbali. Kaka yake Wimsey, Duke wa Denver, anashtakiwa kwa mauaji ya mchumba wa dada yao, na kesi inasikizwa na malodi wenzake katika Baraza la Malodi. Msomaji wa leo anaweza kudhani huo ni uzushi wa mtunzi, kumbe ndiyo iliyokuwa sheria. Lodi aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa la jinai alihukumiwa na malodi. Wa mwisho kushtakiwa hivyo alikuwa Lodi de Clifford mwaka wa 1935, kwa ajali ya gari iliyoua mtu, akaachiliwa. Haki hiyo ilifutwa mwaka wa 1948. Naomba msomaji aikumbuke kesi hii, maana tutakutana na jamaa yake hapa kwetu.

Lakini ufunguo peke yake hauleti kicheko. Kicheko huja pale tunapogundua kwamba mwenye ufunguo hana kitu kingine chochote. Lady Georgiana wa Bowen ni wa 34 katika orodha ya warithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, na jina lake rasmi halimaliziki kwa pumzi moja. Hadithi inapoanza, mwaka wa 1932, hana senti. Baba yake aliipoteza mali katika mporomoko wa soko la hisa la 1929 akajiua. Kaka yake amerithi cheo, ngome yenye baridi huko Scotland, na kodi ya mirathi. Wifi yake anahesabu kila kipande cha mkate. Georgiana anakimbilia London, ambako anagundua kwamba hajui kuwasha moto. Anaamua kuzifagia nyumba za matajiri kwa siri, akiwa amevaa kama mtumishi, akiogopa asije akakutana na mtu aliyecheza naye dansi juma lililopita. Anayemkimbilia mambo yakimzidi ni babu yake mzaa mama, polisi mstaafu wa tabaka la chini anayeishi Essex.

Hapo ndipo penye siri ya kwanza ya mvuto. Ufagio mikononi mwa binti wa Duke si mzaha tu. Unatuonyesha cheo kikiwa kimevuliwa kila kilichokifanya kiogopwe, kikabakia jina na adabu za mezani. Tunaweza kumpenda kabaila wa namna hii kwa sababu hawezi tena kutudhuru. Sidhani kama wasomaji wangemcheka Georgiana kwa wema ule ule iwapo angekuwa na mashamba na wapangaji.

Siri ya pili ni kinaya. Katika riwaya hiyo Malkia Mary anamwita Georgiana na kumtaka amchunguze mwanawe, mrithi wa kiti, aliyezama katika mapenzi na mwanamke Mmarekani mwenye mume. Kwa Georgiana jambo hili ni udaku wa jumba la kifalme. Msomaji anajua kwamba Desemba ya 1936 mrithi huyo, akiwa amekwisha kuwa mfalme Edward wa Nane, atakiacha kiti kwa ajili ya mwanamke huyo. Vivyo hivyo kuhusu mapenzi ya Georgiana na Darcy O'Mara, kijana Mkatoliki wa Ireland. Sheria ya mwaka wa 1701 ilimwondoa katika urithi wa kiti yeyote aliyeoana na Mkatoliki. Kizuizi hicho kilifutwa na sheria ya 2013 iliyoanza kutumika 2015. Kila dansi ya mwaka wa 1932 inachezwa huku msomaji akihesabu miaka iliyobakia kabla ya 1939. Taharuki ya nani aliyeua ni ndogo ikilinganishwa na hii nyingine isiyotajwa popote kitabuni, ambayo msomaji amekuja nayo kutoka nyumbani.

Ndiyo maana siafikiani na wanaosema kwamba wepesi wa riwaya hizi ni kukosa uzito. Wimsey huongea upuuzi bila kukoma, lakini alifukiwa hai na kombora katika Vita Vikuu vya Kwanza, na akili yake haikupona kabisa. Mtumishi wake Bunter, aliyekuwa sajenti chini yake vitani, ndiye anayemtuliza usiku. Katika Busman's Honeymoon (1937) riwaya inafungwa na Wimsey akilia alfajiri ambayo muuaji aliyemfichua ananyongwa. Phryne Fisher wa Greenwood, anayeanza kazi yake Melbourne ya 1928 katika Cocaine Blues (1989), alikulia katika umaskini. Baba yake alipata cheo kwa sababu warithi waliomtangulia walikwisha vitani. Kanzu zake za hariri zimelipiwa na makaburi hayo. Mtunzi hatuhubirii juu ya jambo hili; anamwacha Phryne aendeshe gari kwa kasi.

Wasomaji wa jarida hili watakuwa wamekwisha kumkumbuka Bwana Msa. Si lodi, wala hana ukoo wa kifalme, lakini ni mpelelezi wa ridhaa kamili: ana kiko chake, ana Najum wa kumsindikiza, ana nafasi ya kuketi na kufikiri wakati Inspekta Seif akihangaika. Mzimu wa Watu wa Kale iliyoshinda shindano la uandishi la 1957-58 na kuchapishwa 1960 inamweka katika Unguja ya watu wenye mali, na siri nyingi katika riwaya za Muhammed Said Abdulla ni siri za nasaba: nani mwana wa nani, na nani anastahili kurithi. Hapo anakaribiana na Sayers kuliko anavyokaribiana na Conan Doyle, ambaye huwa tunamtaja kwa haraka tunapomjadili. Kisima cha Giningi ilitoka mwaka wa 1968, miaka minne baada ya Mapinduzi, lakini dunia yake ni ile ya kabla. Sisi tunaoisoma sasa tumo katika kinaya kile kile cha 1932, ila hapa aliyeondoka jukwaani ni mwinyi wa Unguja.

Mpaka hapa nimekuwa shabiki. Mwaka wa 2019 Bowen alichapisha Love and Death Among the Cheetahs, ambamo Georgiana na Darcy wanakuja Kenya kwa fungate mwaka wa 1935. Wanafika Bonde la Wanjohi, chini ya safu ya Nyandarua, katika jamii ya walowezi wa kikabaila waliojulikana kwa ulevi na kubadilishana wake, na bila shaka mtu anauawa. Nilikianza kitabu kwa shauku, nikaona kicheko kinanikwama. Sikuelewa sababu mara moja, kwa kuwa mbinu ni zile zile na Georgiana ni yule yule, mwenye huruma na wa kujikwaa.

Nadhani sababu ni hii. Wanjohi cheo hakikuwa kimevuliwa kitu. Lodi aliyefilisika kwao alipata hapa mashamba ambayo sheria ilimkataza Mwafrika kuyamiliki, na watumishi waliobeba kipande shingoni. Ule ufagio uliotuchekesha London umerudi mikononi mwa mtu mwingine, ambaye hajapewa fursa ya kuona aibu wala ya kusimulia. Milango inayofunguka mbele ya Georgiana inafunguliwa na mtu, na kwa mara ya kwanza nilijikuta nikimtazama huyo anayekishika kitasa.

Historia yenyewe inatoa mfano mkali zaidi. Tarehe 24 Januari 1941, Josslyn Hay, Lodi Erroll wa 22, mmoja wa watu mashuhuri wa kundi hilo na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, alipatikana amepigwa risasi ndani ya gari lake karibu na njia panda ya Karen na Ngong. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe kijana alikuwa na uhusiano na marehemu, alishtakiwa na kuachiliwa Julai mwaka huo. Muuaji hajathibitishwa hadi leo. Kesi ilisikizwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama lililokuwa la Wazungu watupu, kwani katika koloni la Kenya haki ya kuhukumiwa na baraza kama hilo ilikuwa ya Mzungu peke yake. Huyu ndiye jamaa wa kesi ya de Clifford niliyemwahidi msomaji: kabaila akihukumiwa na wenzake, ila hapa ukabaila ni wa rangi. Vitabu vimeandikwa juu ya kisa hiki, maarufu zaidi White Mischief cha James Fox (1982), na filamu ikafuata mwaka wa 1987.

Walioliona gari la Erroll kwanza usiku ule walikuwa Waafrika wawili katika lori la maziwa. Ni mashahidi wa aina ambayo mpelelezi yeyote wa riwayani angewatafuta kabla hajanywa chai. Katika masimulizi ya kisa hiki wanapita haraka mno, kisha lori linaondoka na hatuwaoni tena.

Babu yangu alikuwa toto wa jikoni katika nyumba ya mlowezi huko Ol Kalou miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilipomsimulia kisa cha Bowen likizo iliyopita alisikiliza hadi mwisho, akacheka mahali panapostahili kuchekwa, tena kwa sauti. Kisha akaniuliza ni nani aliyepika usiku wa mauaji. Nikamwambia kwamba sikumbuki. Akashangaa, kwa kuwa nyumba kama ile, alisema, mpishi hujua nani alirudi saa ngapi kutokana na chakula kilichobakia kwenye sahani.

Sijaacha kuzisoma riwaya za Bowen. Nimezisoma mbili nyingine tangu hapo, na sizifichi tena mkobani. Lakini ninangoja riwaya ya Kiswahili ya kisa cha Erroll, nyepesi kwa kadiri mtunzi apendavyo, ambayo sura yake ya kwanza itaanzia ndani ya lile lori.