Unataka kwenda Oldupai? Anzia Posta!

KILA aliyekanyaga kidato cha kwanza anamjua Zinjanthropus. Tulimkariri kama wimbo: Olduvai, 1959, Dk. Leakey, maksi mfukoni. Lakini waulize washkaji hapo kijiweni nani amefika huko. Watakuambia yale ni mambo ya Wazungu.

Si kweli, bwana. Tatizo ni kwamba wengi wanachanga njuluku zao, wanapanda gari hadi Ngorongoro bila kujua wanakwenda kuona nini, halafu wanarudi wamenuna: "Kumbe ni korongo tu na mawe!"

Ndiyo, ni korongo na mawe. Bila kujua stori yake hutaona kitu.

Kwa hiyo kama upo Dar, safari yako ianzie Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, pale jirani na bustani ya mimea. Fuvu halisi la Zinjanthropus, lenye umri wa miaka kama milioni 1.75, limehifadhiwa Dar, si Oldupai. Kule utaonyeshwa nakala. Ukifika makumbusho waulize wahudumu: hili lililopo kwenye kabati ni lenyewe au kopi? Usione haya, ndiyo kazi yao.

Na hilo jibu letu la mtihani lina kasoro. Aliyeliona fuvu hilo Julai 17, 1959 ni Mary Leakey. Mumewe Louis alikuwa kambini, mafua yamemlaza. Akina dada mpo?

Ukitokea Arusha, pitia pia makumbusho ya Boma la Wajerumani. Ni padogo, lakini habari za binadamu wa kale utazipata.

Sasa tuje kwenye mshiko. Oldupai ipo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, yenye mamlaka yake yenyewe, hivyo usihangaike kuwauliza watu wa TANAPA. Viingilio hubadilika, kwa hiyo piga simu kwa Mamlaka ya Ngorongoro au fungua tovuti yao kabla hujachangisha wenzio. Uliza bei ya mtu, bei ya gari na bei ya kuingia makumbusho ya Oldupai, maana kila moja ina hesabu yake. Mtanzania analipa kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni, ila beba kitambulisho. Ukikisahau utajieleza mpaka jua lizame.

Daladala ya kwenda Oldupai hakuna. Arusha mpaka Karatu ni lami na magari ya abiria yapo. Kutoka Karatu mnakodi gari moja imara, mkiwa sita au saba mnagawana maumivu. Hapa ndipo wajanja wanapowapata watu. Dereva akikwambia lazima mshuke kreta, mkatalie. Kushuka kreta kuna malipo yake mengine kabisa, na Oldupai iko kwenye barabara ya kwenda Serengeti, mbele ya kreta. Mtaijua njia panda kwa sanamu ya mafuvu mawili makubwa iliyowekwa mwaka 2019.

Mwingine atawapigia debe la Laetoli, zilipo nyayo za miaka milioni 3.6 zilizogunduliwa mwaka 1978. Kuweni macho. Nyayo zile zimefukiwa ili zisiharibike, na kopi yake mtaiona humo humo kwenye makumbusho ya Oldupai, jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2017. Kabla hamjaongeza hela ya mafuta, muulizeni mtu wa Mamlaka kama kuna cha kuona huko.

Mkifika, msikimbilie kupiga picha na kuondoka. Kaeni mumsikilize mwongozaji pale juu ya korongo, muulizeni maswali yote ya kidato cha kwanza. Atawaambia kuwa Oldupai ni mkonge pori kwa Kimaasai, ila wageni walilisikia vibaya wakaandika Olduvai.

Jiwe likikuvutia, liache hapo hapo. Sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964 na haina utani.

Halafu beba koti. Ukingo wa kreta upo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi kile kijifulana chako cha Kariakoo hakitakusaidia.