Mitsubishi: mataji ya mbio ndefu hayakulinda hisa

KATIKA soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, neno Fuso limekaribia kuacha kuwa jina la kiwanda na kuwa kipimo cha mzigo. Mfanyabiashara anayekusanya mahindi vijijini husema ana mzigo wa Fuso moja, na dalali humwelewa bila kuuliza zaidi. Wachache wanakumbuka kwamba malori hayo yalikuwa mali ya kampuni ileile iliyounda magari ya mashindano yaliyoshinda Safari Rally mara tano.

Kampuni hiyo ni Mitsubishi Motors ya Japani. Mwaka 1998 ilifika kilele cha mbio za magari duniani. Miaka miwili baadaye ilikuwa ikiomba radhi kwa wateja wake, na miaka mitano baada ya hapo malori yake yalikuwa mikononi mwa Wajerumani. Kwa mwenye kutafuta lori la kubebea magunia, na kwa mwenye akiba ndogo anayefikiria kununua hisa, habari hiyo ina faida kuliko vikombe vyenyewe.

Simba na Lancer

Jina la Mitsubishi lilijengwa Afrika Mashariki na Joginder Singh, fundi magari mzaliwa wa Kericho, ambaye mashabiki walimwita Simba. Mwaka 1974 alishinda Safari akiwa na Lancer ya injini ndogo ya lita 1.6, akimwacha nyuma Björn Waldegård wa Sweden aliyekuwa na Porsche 911. Mwaka 1976 Lancer zilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Safari ya enzi hizo haikuwa mbio za kasi tupu. Ilikuwa kilomita elfu kadhaa za vumbi, matope na makorongo, katika barabara ambazo wananchi waliendelea kuzitumia. Gari lililovunjika springi halikusaidiwa na ubora wa injini yake. Ndiyo maana Porsche, kampuni ya magari ya michezo yenye sifa duniani kote, ilishika nafasi ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978 bila kuchukua ushindi katika miaka hiyo.

Msimu wa mavuno

Mitsubishi ilirudi kileleni katika miaka ya 1990. Tommi Mäkinen wa Finland alishinda Safari mwaka 1996 na akawa bingwa wa dunia mwaka huohuo. Mwaka 1998 ushindi wa Safari ulikwenda kwa Mwingereza Richard Burns, aliyekuwa na Mitsubishi Carisma, akiwatangulia Juha Kankkunen na Ari Vatanen wa Ford.

Msimu huo uliamuliwa Uingereza, katika mashindano ya mwisho. Mäkinen alipata ajali mapema, gurudumu la nyuma likang'oka, na ikaonekana ubingwa ni wa Carlos Sainz wa Toyota. Lakini injini ya Sainz ilikufa mita mia chache kabla ya mwisho wa hatua ya mwisho. Burns alishinda mashindano hayo. Mäkinen akabaki na taji la madereva kwa pointi 58 dhidi ya 56 za Sainz, na Mitsubishi ikachukua taji la watengenezaji kwa pointi 91 dhidi ya 85 za Toyota. Taji la magari yasiyofanyiwa mabadiliko makubwa nalo lilikwenda kwa Gustavo Trelles wa Uruguay, aliyekuwa na Lancer.

Kibiashara, mbio hizo hazikuwa matangazo matupu. Kanuni zilimtaka mtengenezaji aunde magari ya barabarani yasiyopungua 2,500 ya aina anayoingiza mashindanoni. Hivyo ndivyo Lancer Evolution ilivyofika madukani, na kila ushindi ulikuwa msaada kwa muuzaji.

Yaliyokuwa chini ya kapeti

Mwaka 2000 ilibainika kwamba kwa zaidi ya miaka 20 Mitsubishi ilikuwa ikificha malalamiko ya wateja kuhusu kasoro za magari yake, badala ya kuyapeleka kwa serikali ya Japani na kuyaita magari hayo yatengenezwe. Mwaka huohuo DaimlerChrysler ilinunua asilimia 34 ya hisa zake.

Upande wa malori mambo yalikuwa mabaya zaidi. Januari 2002, mjini Yokohama, gurudumu lilichomoka kwenye lori la Mitsubishi na kumuua mama aliyekuwa akitembea na watoto wake. Kampuni ilidai tatizo ni matunzo ya mwenye lori. Machi 2004 ilikiri kwamba kitovu cha gurudumu, ile sehemu inayoshika ringi, kilikuwa na kasoro ya kiwandani, na malori zaidi ya 100,000 yakaitwa.

Aprili 2004 DaimlerChrysler ilikataa kuongeza fedha katika Mitsubishi Motors, na mwaka 2005 ikauza hisa zake zote. Mwisho wa mwaka huo kampuni ilijiondoa katika ubingwa wa dunia. Mwaka 2016, baada ya kashfa nyingine, ya vipimo vya mafuta, Nissan ilinunua asilimia 34.

Jina moja, wenyewe tofauti

Fuso ilitenganishwa na kuwa kampuni inayojitegemea mwaka 2003, na kufikia mwaka 2005 Wajerumani walishika asilimia 85. Juni 2025 Daimler Truck na Toyota zilitia saini mkataba wa kuiunganisha Fuso na Hino chini ya kampuni mama moja iitwayo Archion, iliyopangwa kuanza Aprili 2026 na kuuza hisa zake Tokyo. Anayenunua hisa za Mitsubishi Motors kwa sababu ameona Fuso zimejaa barabara ya Dodoma kwenda Morogoro atakuwa amenunua kitu kingine kabisa.

Kongwa ina somo lake la zamani kuhusu mashine. Kati ya 1947 na 1951 Waingereza walileta hapo matrekta mengi, mengine yakiwa masalio ya vita, kwa ajili ya mradi wa karanga. Ardhi ngumu iliyavunja, vipuri vikakosekana, mvua nazo zikapungua, na zaidi ya pauni milioni 30 zikapotea. Matrekta hayo nayo yalikuja na sifa kubwa.

Kwa mnunuzi wa lori lililotumika, kikombe kinathibitisha kwamba gari moja, lenye mafundi wengi nyuma yake, lilivumilia siku chache. Lori la mahindi hufanya kazi msimu mzima likiwa na fundi mmoja, na mara nyingi mzigo wake ni wa lumbesa. Kabla ya kulipa, namba ya chasisi ilinganishwe na orodha za magari yaliyoitwa kiwandani, vitovu vya magurudumu vikaguliwe, na bei ya vipuri iulizwe Dodoma na Morogoro. Kwa mnunuzi wa hisa, swali la kwanza ni nani anamiliki nini, na la pili ni jinsi kampuni inavyoyapokea malalamiko ya wateja wake.