Miligramu Moja Kati ya 500

Chupa ya vankomaisini, dawa ya kuua bakteria, ina miligramu 500 za unga. Ni dawa ya mshipa, ya mtu mzima aliyelazwa. Jicho lililoingiwa na bakteria baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho linataka miligramu moja tu.

Hesabu hiyo ilinikaa kichwani nilipoelezwa na daktari mmoja wa macho mjini Nyeri, asiyependa jina lake litajwe. Unga huo, anasema, unachanganywa na mililita 10 za maji safi ya sindano. Inavutwa mililita moja, inaongezwa nne za maji ya chumvi. Kutoka hapo inachukuliwa sehemu moja ya kumi ya mililita, kama matone mawili. Nukta ikihama, dozi imezidi mara kumi, na retina haina subira. Dawa ya pili, seftazidimu, miligramu 2.25, huwa na bomba lake, kwani zikikutana katika bomba moja zinaganda. Kabla ya kudunga jicho, daktari huvuta ute kidogo wa ndani yake wa kupeleka maabara. Dripu pekee haitoshi: dawa iliyo kwenye damu hupenya ndani ya jicho kwa shida.

Adui mara nyingi ni bakteria wa mgonjwa mwenyewe, waliokuwa wakiishi kwa amani kwenye kope. Ndiyo maana kabla ya kisu jicho hutiwa povidoni-ayodini ya asilimia 5 na kuachwa dakika tatu. Dakika hizo daktari huyu hakubali zipunguzwe hata foleni ikifika mlangoni. Ayodini hiyo ina historia hapa kwetu: utafiti wa 1995 uliothibitisha kuwa inakinga macho ya watoto wachanga ulifanywa Kenya, kwa watoto zaidi ya 3,000.

Kinachomchosha daktari si bakteria, ni tarehe ya kliniki. Cucu, yaani bibi, wa Kieni amepasuliwa jicho na kuambiwa arudi Alhamisi. Jumamosi jicho linauma, limekuwa jekundu, ukungu umerudi. Yeye anavumilia, asije akaonekana msumbufu. Jicho likibaki kuona mwanga tu, utafiti wa Marekani, wa 1995 pia, ulionyesha kuwa sindano peke yake ni haba: ni afadhali ute wenyewe uondolewe, kazi inayotaka mtaalamu wa retina.

Daktari sasa humwita mjukuu kabla cucu hajaruhusiwa kwenda nyumbani, anamwandikia namba ya simu na kumwambia: maumivu yakizidi, usingoje Alhamisi. Lakini cucu anayeishi peke yake ataitiwa nani? Na chupa nzima ikinunuliwa kwa ajili ya matone mawili, zile miligramu 499 nani anazilipia?